Handaki limefunguka, ripoti imetoka, takwimu ni za zamani: kisa cha kuelekeza poti kwa SSH

Kanzidata ya MySQL ilikuwa imeachwa wazi kwenye intaneti kupitia poti 3306, yaani namba ya mlango ambao programu husikilizia, ikilindwa na kanuni moja ya fayawoli iliyoruhusu anwani ya IP ya ofisi peke yake. Mpangilio huo ulidumu mpaka watu walipoanza kufanya kazi wakiwa nje ya ofisi, kila mmoja akaomba anwani yake iongezwe. Orodha ikawa inarefuka, na anwani za majumbani hazikai zilivyo. Ukatolewa uamuzi sahihi: poti 3306 ifungwe kwa nje, na anayeitaka kanzidata apite kwenye handaki la SSH, yaani njia iliyosimbwa inayofunguliwa na programu ya kuingilia seva za mbali, kupitia seva ya mpito. Seva hiyo ya mpito nitaiita lango, na ile inayobeba kanzidata nitaiita data. Lango linaonekana kwenye intaneti kwa poti 22 tu. Data haipaswi kuonekana kabisa, iko kwenye mtandao wa ndani kwa anwani 10.20.0.15.

Mchambuzi mmoja wa takwimu alitumiwa mstari huu na kuambiwa auendeshe kabla ya skripti yake ya ripoti:

```
ssh -L 3306:localhost:3306 ripoti@lango
```

Akauendesha, akaingia, akaendesha skripti, ripoti ya wiki ikatoka bila kosa lolote na ikapelekwa kwa wakuu. Aliyeona kasoro alikuwa msomaji wa ripoti: oda za karibuni hazikuwamo, hata moja. Mashine zote zilikuwa zimenyamaza. Hapo ndipo nilipoombwa nitazame.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu hitilafu zake zilikuja kwa mfuatano, moja ikiificha nyingine, na karibu zote zina mzizi mmoja. Anwani zilizomo katika amri ya handaki hazisomwi na mashine moja. Kipande kimoja kinasomwa na kompyuta yako, kingine kinasomwa na seva ya mpito, na anwani unayoipa programu ya kanzidata inasomwa na programu hiyo kwa kanuni zake yenyewe. Neno `localhost`, jina ambalo kila kompyuta hujiita yenyewe (kwa namba, 127.0.0.1), likitokea mahali patatu, linaweza kuwa na maana tatu, na hakuna anayekutahadharisha.

Nani anasoma nini

Baada ya `-L`, namba ya kwanza ni poti ambayo programu ya SSH itaisikiliza kwenye kompyuta yako. Kinachofuata, yaani jina la mashine na poti yake, ni cha upande wa pili. SSH ya kwako haijaribu hata kulitafuta jina hilo. Inalituma kama lilivyoandikwa. RFC 4254 ya Januari 2006, inayoeleza sehemu hii ya itifaki, inauita ujumbe huo `direct-tcpip`: ndani yake mna jina au anwani ya kufikiwa, poti ya kufikiwa, na taarifa za aliyeanzisha muunganisho. Seva inapoupokea ndiyo inayolitafuta jina, ndiyo inayofungua muunganisho wa TCP (muunganisho wa kawaida wa mtandao), kisha inapitisha baiti kwenda na kurudi.

Kwa hiyo `localhost` ya katikati ya mstari ule ni lango lenyewe, si data, wala si kompyuta ya mchambuzi. Na lango halina MySQL. Mstari huo ulinakiliwa kutoka mazingira ambamo SSH na kanzidata vinakaa kwenye seva moja, na huko unafanya kazi vizuri kabisa. Hapa ulikuwa na makosa tangu siku ulipotumwa.

Lakini swali linabaki. Kama mstari ulikuwa na makosa, ripoti ilitoka wapi?

Handaki ambalo halikuwapo

Nilimwomba mchambuzi afunge kila kitu na aendeshe amri ile upya, nami nitazame. "Mbona imeingia vizuri tu," akasema, na kweli alama ya amri ya lango, yaani pale pa kuandikia amri, ilikuwa inasubiri. Nikamwomba apandishe juu ya salamu ndefu ambayo lango humpa kila anayeingia. Juu yake palikuwa na mistari hii:

```
bind [127.0.0.1]:3306: Address already in use
Could not request local forwarding.
```

Poti 3306 ya kompyuta yake ilikuwa imeshikwa tayari na MySQL yake mwenyewe, aliyoisakinisha zamani ili kujaribia maswali bila kugusa kanzidata ya kazini. SSH ilijaribu kuishika ikashindwa, ikasema imeshindwa, kisha ikaendelea kuingia kama kawaida, kwa kuwa ndivyo ilivyoundwa: kukosa kuelekeza poti hakuizuii kufungua kikao. Salamu ya lango ikausukuma ujumbe nje ya macho.

Skripti nayo ikaunganishwa na `localhost` ikamkuta aliyekuwepo. MySQL ile ya majaribio ilikuwa na nakala ya zamani ya kanzidata nzima, pamoja na akaunti yenye jina lilelile na neno la siri lilelile, iliyowekwa hivyo ili skripti isihitaji kubadilishwa. Majedwali yote yalikuwepo, maswali yote yakajibiwa. Hakuna mahali ambapo kosa lingeweza kutokea.

Hili ndilo jambo la kisa hiki linalonisumbua kuliko mengine. Handaki likikatika ukapata ujumbe mwekundu, unapoteza dakika chache. Handaki lisilokuwepo kabisa, huku upande wa pili pana kitu kinachofanana na ulichokitafuta, linakupa majibu ya uongo, na watu wanayafanyia maamuzi.

Tiba ya hili ni chaguo moja la SSH ambalo ningependa liwe kwenye kila faili la usanidi: `ExitOnForwardFailure yes`. Likiwekwa, SSH ikishindwa kushika poti inaondoka hapohapo, na hakuna alama ya amri itakayokudanganya kwamba mambo ni shwari. Mpaka wake ujulikane lakini: linahusu kushika poti ya kusikiliza tu. Ikiwa poti imeshikwa vizuri ila seva ya mwisho haifikiki, SSH haitaondoka.

Tukabadilisha poti ya upande wake kuwa 3307, na mle kwenye skripti nayo ikawekwa 3307. Handaki likafunguka bila malalamiko. Amri `ss -ltn` ikathibitisha kuwa 127.0.0.1:3307 inasikilizwa. Skripti ikaendeshwa.

Takwimu zilezile za zamani.

Jina linalokwepa poti

Mtu aliye na haraka angeshuku data yenyewe wakati huo, aanze kuuliza kama oda mpya zimepotea. Kabla ya kufika huko, kuna njia fupi: iulize kanzidata yenyewe ni nani. Ndani ya MySQL tuliandika:

```
SELECT @@hostname, @@port;
```

Jibu likawa jina la kompyuta ya mchambuzi, na poti 3306. Kisha amri `status` ikatoa mstari uliomaliza ubishi:

```
Connection:  Localhost via UNIX socket
```

Skripti ilikuwa inaita `mysql -h localhost -P 3307`. Kwenye Linux na mifumo ya jamaa yake, programu ya mteja ya MySQL inalichukulia jina `localhost` kwa namna ya pekee: inaacha TCP kabisa na kuunganishwa kupitia faili la soketi lililo kwenye diski, njia ya programu za mashine ileile kuzungumza bila mtandao. Nyaraka za MySQL zinasema wazi kwamba hufanya hivyo hata kama umetaja poti kwa `-P`. Namba 3307 ilisomwa, ikawekwa kando. Handaki lilikuwa wazi, zuri, na hakuna hata baiti moja iliyopita ndani yake.

Ukiandika `127.0.0.1` badala ya `localhost`, programu inatumia TCP na kuiheshimu poti. Njia nyingine ni kuongeza `--protocol=TCP`. Mimi huchagua anwani ya namba, kwa sababu mtu mwingine akiisoma skripti baadaye hahitaji kujua desturi hii ya MySQL ili aelewe kinachotokea. PostgreSQL, programu nyingine ya kanzidata, haina tabia hiyo, ukiipa `-h localhost` inakwenda kwa TCP; ndiyo maana wanaotoka huko huanguka hapa wakiwa na uhakika wote.

Tulipobadilisha, hatimaye tukapata kosa. Nilifurahi kuliona.

Kukataliwa na lango

Upande wa MySQL ujumbe ulisema hivi:

```
ERROR 2013 (HY000): Lost connection to MySQL server at
'reading initial communication packet'
```

Na kwenye dirisha lenye handaki:

```
channel 3: open failed: administratively prohibited: open failed
```

Jumbe hizi mbili zisomwe pamoja. Wa kwanza peke yake unakupeleka kuchunguza MySQL, na MySQL haihusiki. Programu ya mteja inapogonga 127.0.0.1:3307, anayeipokea ni SSH ya kompyuta ileile, na huipokea mara moja, kabla hata haijaiuliza seva kama njia ipo. Kwa macho ya MySQL muunganisho umekubaliwa, kisha umekatwa bila salamu. Ndiyo maana kupima handaki kwa kuangalia kama poti ya kwako "inajibu" hakuthibitishi chochote kuhusu upande wa pili.

Dirisha la SSH ndilo lenye habari, na maneno yake yana maana tofauti. `Connection refused` humaanisha seva ya mpito ilikwenda hadi kwenye anwani uliyotaja ikakuta hakuna anayesikiliza. `Connection timed out` mara nyingi ni fayawoli iliyo kati ya lango na data. Seva ikishindwa kulipata jina itakwambia `Name or service not known`. Na `administratively prohibited` ni kwamba seva haikujaribu hata kidogo: imekatazwa na msimamizi wake.

Msimamizi wa seva alidhani ni `AllowTcpForwarding`, ruhusa ya jumla ya kuelekeza poti, imezimwa kwenye `sshd_config`, faili la usanidi la sshd, yaani SSH ya upande wa seva. Haikuwa imezimwa. Logi ya sshd ilionyesha ombi la kwenda `localhost` poti 3306, na mwishoni maneno `but the request was denied`. Sababu ilikuwa kwenye faili la `authorized_keys`, lenye orodha ya funguo zinazoruhusiwa kuingia, ambako ufunguo wa mchambuzi ulikuwa umewekewa mpaka:

```
permitopen="data.ndani:3306" ssh-ed25519 AAAA... ripoti
```

Mpaka huo ni mzuri sana, na aliyeuweka anastahili shukrani. Unasema: ufunguo huu unaweza kufungua njia kwenda kwenye kanzidata na si kwingine. Bila huo, mwenye ufunguo angeweza kulitumia lango kufikia mashine yoyote ya mtandao wa ndani, na mwizi wa ufunguo vilevile. Na hapa uliikataa `localhost` kwa haki.

Tukaandika anwani halisi, `-L 3307:10.20.0.15:3306`. Ujumbe uleule. Wasimamizi wengi hukwama hapa, kwa sababu `data.ndani` na 10.20.0.15 ni mashine moja na yeyote anaweza kulithibitisha hilo. Ila `permitopen` haitafuti majina. Inalinganisha herufi kwa herufi kilichoandikwa kwenye kanuni na kilichoombwa na mteja. Jina limeruhusiwa, anwani haikuruhusiwa, basi. Tulipoandika jina lenyewe njia ikafunguka:

```
ssh -N -L 127.0.0.1:3307:data.ndani:3306 ripoti@lango
```

Jina `data.ndani` halijulikani popote nje ya mtandao ule, na kompyuta ya mchambuzi haiwezi kulipata. Halihitaji kulipata; anayelisoma ni lango.

Mwanzoni mwa mstari nimeongeza 127.0.0.1 kwa makusudi. Usipotaja anwani ya kusikiliza, SSH hujaribu anwani ya ndani ya IPv4 na ile ya IPv6, na ikifanikiwa kushika mojawapo huhesabu kwamba imefanikiwa. Programu yako ikigonga ile nyingine, inaweza kumkuta mgeni. Ukitaja anwani moja, jibu ni moja: imeshikwa au haikushikwa. Nayo `-N` inaiambia SSH isifungue kikao cha amri, kwa hiyo hakuna alama ya amri inayomvuta mtu kufanya kazi ndani ya lango bila kukusudia.

Kanzidata inamwona nani

Kosa lililofuata lilitoka kwa data yenyewe:

```
ERROR 1045 (28000): Access denied for user 'ripoti'@'10.20.0.4'
```

10.20.0.4 ni anwani ya ndani ya lango. MySQL haijui lolote kuhusu handaki. Inachoona ni muunganisho wa TCP kutoka kwa lango, kwa kuwa lango ndilo lililoufungua. Akaunti za zamani zilikuwa zimefungwa kwenye anwani ya IP ya ofisi, na kwa MySQL jina la mtumiaji na mahali anapotokea ni kitu kimoja kisichotenganishwa. Ikaundwa akaunti mpya ya `'ripoti'@'10.20.0.4'` yenye haki ya SELECT tu, yaani kusoma, kwenye majedwali ya ripoti.

Matokeo mawili ya hapo hayakuwa yamefikiriwa wakati wa kupanga mfumo. La kwanza ni kwamba kila anayepita kwenye lango anaonekana kwa kanzidata akiwa na anwani ileile, kwa hiyo anwani haimtambulishi mtu tena. Kama timu nzima inatumia akaunti moja, siku jedwali likifutwa logi ya MySQL itakuonyesha lango. Nilishauri kila mtu awe na akaunti yake na ufunguo wake wa SSH, na ushauri huo ulikubaliwa.

La pili ni kuhusu usimbaji. Tatu Ylönen aliibuni SSH mwaka 1995 huko Finland, baada ya maneno ya siri kunaswa kwenye mtandao wa chuo kikuu chake. Ulinzi alioujenga unafunika safari kati ya kompyuta yako na seva ya SSH. Kutoka lango hadi data, baiti zinatembea kwenye muunganisho wa kawaida wa TCP, nje ya handaki. Ikiwa mtandao wa ndani unashirikiwa na wengine, kipande hicho kinahitaji TLS, yaani usimbaji, ya MySQL yenyewe. Akaunti ikawekewa `REQUIRE SSL`, na upande wa mteja tukatumia `--ssl-mode=VERIFY_CA`. Ngazi ya juu zaidi, `VERIFY_IDENTITY`, ingekataa, maana cheti kina jina la seva ilhali programu inaamini inazungumza na 127.0.0.1.

Yaliyokataliwa na yaliyobaki

Wakati tunamalizia, mmoja wa timu alipendekeza handaki lifunguliwe kwenye kompyuta moja kwa `-g`, ili wenzake kwenye mtandao uleule walitumie bila kusumbuka na funguo. Nilipinga kwa nguvu. Kwa chaguo-msingi poti inasikilizwa kwenye anwani ya ndani tu, yaani mwenye kompyuta peke yake. Ukiweka `-g`, au `0.0.0.0` mbele ya poti, kila kifaa kinachoweza kuifikia kompyuta hiyo kinagonga mlango wa kanzidata bila kuulizwa ufunguo wa SSH. Fayawoli iliyofungwa juu inafunguliwa upya chini, safari hii bila orodha ya anwani wala kumbukumbu.

Tatizo la handaki kukatika likiachwa bila kazi lilikuwa dogo. Ruta na fayawoli husahau miunganisho iliyonyamaza, na `ServerAliveInterval` huifanya SSH itume ujumbe mdogo kila baada ya muda uliowekwa. Kwa sekunde 30 na majaribio 3, mteja hugundua ndani ya takribani dakika moja na nusu kwamba upande wa pili haujibu, na huondoka badala ya kuning'inia.

Usanidi uliobaki kwenye kompyuta ya mchambuzi ni huu:

```
Host lango-data
    HostName lango.example.org
    User ripoti
    IdentityFile ~/.ssh/ripoti_lango
    IdentitiesOnly yes
    LocalForward 127.0.0.1:3307 data.ndani:3306
    ExitOnForwardFailure yes
    ServerAliveInterval 30
    ServerAliveCountMax 3
```

Anafungua kwa `ssh -N lango-data`. Upande wa lango, mstari wa ufunguo wake ulikazwa zaidi, kwa kuwa anachohitaji ni njia tu:

```
restrict,port-forwarding,permitopen="data.ndani:3306",command="/bin/false" ssh-ed25519 AAAA... ripoti
```

Neno `restrict` linazima kila ruhusa, kisha `port-forwarding` inairudisha hiyo moja. Kwa `command="/bin/false"`, anayejaribu kuendesha amri kwenye lango kwa ufunguo huo hapati kitu, na handaki la `-N` haliguswi.

Skripti ya ripoti nayo iliongezewa hatua mwanzoni: inauliza `@@hostname`, na jibu lisipokuwa jina la seva ya data inasimama kabla ya kusoma jedwali lolote. Neno la siri la akaunti ya majaribio kwenye kompyuta ya mchambuzi likabadilishwa, ili skripti ikipotea njia tena ikataliwe mlangoni. Ripoti ya wiki ikaendeshwa upya, oda za karibuni zikiwamo, na nakala ya awali ikaondolewa kwa wote waliotumiwa. Baada ya hapo msimamizi alifuta kanuni ya mwisho ya fayawoli iliyokuwa bado inaruhusu 3306 kutoka nje, na akaunti zilizofungwa kwenye anwani ya ofisi zikafutwa siku hiyohiyo.